Vizazi vya PlayStation na Kiasi cha Jicho

Katika vichochoro vya Kibera jijini Nairobi, kuanzia Makina hata Gatwekera, na kadhalika kule Kawangware zishushako abiria matatu za 46, mtu haendi mbali asikute kibanda cha mabati chenye pazia mlangoni, ambacho ndani yake vijana wamebanana juu ya benchi wakiukodolea macho mpira unaochezwa kwenye televisheni kwa nguvu ya mashine iitwayo PlayStation. Mgeni atokaye mitaa ya wenye nafasi, akiona humo mashine ya kizazi cha mwaka 2006 au 2013 ingali ikichuma riziki tangu asubuhi hadi usiku, aghalabu husema kwamba watu hawa wameachwa nyuma na zama. Mimi naona kinyume chake: wenye vibanda wameijua kwa mifuko yao kanuni ambayo watengenezaji wa mashine hawana hamu ya kuitangaza.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Turgot, mwanauchumi wa Ufaransa wa karne ya 18, aliieleza kwa habari ya shamba, kwamba gharama na kazi zikizidishwa juu ya ardhi ile ile, hufika mahali ambapo kila nyongeza huleta mavuno machache kuliko nyongeza iliyoitangulia. Ardhi haigomi, huwa imekwisha kutoa sehemu kubwa ya ilicho nacho.

Sasa zitazame mashine. PlayStation ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2. Ya pili, ya mwaka 2000, ilikuwa na 32. Ya tatu, ya 2006, ilikuwa na 512 ukijumlisha mafungu yake mawili. Na ya nne, ya 2013, ilipata gigabaiti 8, hata ikawa kila moja imeizidi mamaye mara 16. Kisha Novemba 2020 ikaja ya tano na gigabaiti 16, yaani mara 2 tu, na bei yake haikuwa ya mtoto wa maskini.

Lakini hata zile mara 16 hazikumpa mtazamaji faida iliyo sawa, na sababu ni hii. Kila umbo mle ndani hujengwa kwa pembetatu ndogondogo zilizounganishwa. Kichwa cha mchezaji kikipewa pembetatu 60, kona zake huonekana papo hapo. Kikipewa 600, pua na masikio hudhihiri. Kikipewa 6,000, mviringo umekamilika. Nacho kikipewa 60,000, kazi ya mashine imezidi mara 10 ilhali aliyekaa kwenye benchi haoni jambo jipya, ila pengine mkunjo wa shingo.

Fauka ya hayo, jicho nalo lina kiasi chake. Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii, ambayo kwa mtu aliyekaa mita 2 mbali na kioo ni kama milimita 0.58. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Upana huo ukigawanywa kwa nukta 1,920, ambazo PlayStation ya nne huweza kuzijaza, kila nukta ina milimita 0.37, nayo tayari ni ndogo kuliko jicho liwezavyo kuipambanua. PlayStation ya tano huweza kutoa nukta 3,840 kwa upana, za milimita 0.18 kila moja, kama televisheni yenyewe inazo. Nani wa kuziona kibandani?

Lililobaki kwa mafundi wa taswira ni nuru: kuufuata mwali kinyumenyume, tangu jichoni hata ukuta ulioupiga, mpaka taa ulikotoka. Ni hesabu nzito mno, na katika mpira wa mchana uwanjani ni wachache waijuao kuwa imefanywa.

Nisiidhulumu mashine mpya. Hazina yake ya data hufungua mchezo upesi sana, na kwa mwenye kibanda alipwaye kwa mechi, kungoja ni hasara; hilo ni kubwa kwake kuliko majani yote ya uwanja. Walakini PlayStation ya tano hula umeme wa takriban wati 200, na tokeni za umeme hulipiwa kabla. Bei nayo imegeuka tabia: ya pili iliuzwa Marekani dola 299 mwaka 2000, ikashuka hadi 99 mwaka 2009, ya tano ilianza kwa dola 499, na Agosti 2025 ikaongezwa 50, na sababu mojawapo ni kwamba kupunguza ukubwa wa chipu hakushushi tena gharama kama zamani.

Kijana wa Kawangware halalamiki juu ya nyasi. Hulalamika kwamba vifimbo vya padi aishikayo mkononi vimelika mpira wake vikabaki plastiki tupu, mchezaji hujiendea upande mmoja bila kuguswa, naye amefungwa bao la dhuluma. Na maadamu katika vibanda vingi aliyefungwa ndiye alipaye, ugomvi huo si wa mzaha. Lalamiko lake la pili ni majina. Mshambuliaji amekwisha kuhama klabu, lakini ndani ya mashine angali amevaa jezi ya zamani. Hapo ndipo mashine hufia, mchezo mpya wenye majina mapya ukikoma kutolewa kwa ajili yake: mchezo wa mpira wa FIFA 14 ulikuwa wa mwisho kwa PlayStation ya pili, na FIFA 19 kwa ya tatu, ilhali ya nne iliendelea kupokea michezo hii hata baada ya jina kugeuzwa kuwa EA Sports FC mwaka 2023.

Basi wewe uliyeweka akiba ukitaka kufungua kibanda, nenda Luthuli Avenue ukatafute PlayStation ya nne iliyotumika, uijaribu pale pale dukani, uvisukume vifimbo vya padi pande zote kabla hujatoa fedha, na kitakachosalia ununue padi za akiba na televisheni ya pili. Ya tano iache dukani mpaka mpira mpya utakapokoma kutolewa kwa ya nne.