Swichi ya Gia na Mzigo wa Jina Moja: Mfano wa Barabara ya Embu–Meru

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kauli hiyo inasadifu hali ya gari la otomatiki ambalo swichi yake ndogo ya gia imeharibika, kisha mwenyewe akashauriwa kununua giaboksi nzima. Makala haya yanafafanua jinsi kosa hilo linavyotokea, jinsi swichi inavyobadilishwa, na kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Barabara itokayo Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru hukata miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Mito ishukayo mlimani imechimba mabonde mengi, na dereva hupanda na kushuka mara kwa mara. Hatari ya njia hii inajulikana: tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafariki. Katika miteremko ya aina hiyo haifai kutegemea breki peke yake, kwani breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Dereva hushuka kwa gia ya chini ili injini ilizuie gari. Kwa hivyo, gia isiyotii ni suala la uhai.

Utata huanzia kwenye jina. "Swichi ya gia" huweza kurejelea vifaa vitatu. Cha kwanza kiko juu ya pedali ya breki. Huwasha taa za breki na, katika magari mengi ya otomatiki, huruhusu mkono wa gia utoke kwenye P. Kikifa, mkono hukwama na taa hizo haziwaki. Cha pili ni kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia katika magari mengi ya zamani kutoka Japani. Huzuia gia ya juu kabisa isiingie, jambo linalomfaa dereva anaposhuka. Cha tatu hufungwa kwenye giaboksi yenyewe. Hiki huijulisha kompyuta ya gari mahali mkono wa gia ulipo, huwasha taa za kurudi nyuma, na huruhusu injini iwashwe katika P na N pekee. Kikiharibika, gari huweza kukataa kuwaka katika P lakini likawaka katika N, au giaboksi ikang'ang'ania gia moja hata ikadhaniwa imekufa.

Kwa kawaida, kubadilisha kifaa hiki cha tatu hakuhitaji kushusha giaboksi. Gari huegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono ikavutwa na magurudumu yakazuiwa kwa mawe. Mkono wa gia huwekwa kwenye N, kisha waya hasi wa betri hufunguliwa. Fundi huchomoa plagi ya nyaya, hufungua nati ya wenzo ulio kwenye mhimili wa swichi, halafu bolti zinazoishikilia. Swichi mpya huvishwa bila kukazwa, ikazungushwa taratibu hadi alama yake ya N ilingane na mhimili, ndipo bolti zikazwe. Kulinganisha huku ndiko kiini cha kazi. Kukikosewa, swichi mpya itadanganya kama ile ya zamani. Hatimaye betri huunganishwa na, mguu ukiwa juu ya breki, kila nafasi hujaribiwa: injini iwake katika P na N tu, na taa za kurudi nyuma ziwake katika R.

Kiswahili si maskini wa msamiati wa magari. Usukani ulitoka kwenye vyombo vya baharini ukaingia barabarani. Gia, breki na klachi zilitoholewa kutoka Kiingereza zikazoeleka. Pengo lililopo ni la kupambanua. Mteja anayezungumza Kimeru na fundi wa jua kali anayezungumza Kiembu huweza kukutana katika Kiswahili, na jina moja likibeba vifaa vitatu, mteja hulipia asichohitaji. Yanapendekezwa hapa majina matatu: swichi ya breki, kitufe cha gia ya juu, na swichi ya nafasi ya gia. Hata hivyo, istilahi haihuishwi na kamusi peke yake. Mwanafunzi aendaye nyanjani Meru au Embu aanzie gerejini, awasikilize mafundi, ndipo apendekeze.