Jim Abbott: Mrushaji aliyefika ligi kuu kwa kiganja kimoja

Jim Abbott alizaliwa mwaka 1967 mjini Flint, jimbo la Michigan, Marekani, akiwa hana kiganja cha mkono wa kulia. Wazazi wake walikuwa na umri wa miaka 18 tu. Hawakumficha ndani, walimhimiza atoke akacheze na wenzake.

Mtoto akapenda beisiboli. Katika mchezo huo, mrushaji hurusha mpira kwa mkono mmoja na kuudaka kwa glavu iliyo mkono wa pili. Yeye angefanyaje?

Baba yake alimsaidia kutafuta njia. Jim aliegemeza glavu kwenye ncha ya mkono wa kulia, akarusha kwa kushoto, kisha upesi akaingiza mkono huohuo ndani ya glavu ili adake. Alifanya zoezi hilo ukutani, tena na tena, mpaka akazoea.

Mwaka 1988 alikuwa mrushaji Marekani ilipoishinda Japani katika fainali ya Olimpiki mjini Seoul. Mwaka uliofuata akaingia ligi kuu. Septemba 4, 1993, akiichezea New York Yankees, alimaliza mechi dhidi ya Cleveland bila wapinzani kupata pigo halali hata moja. Warushaji wengi hodari hustaafu bila kufikia hapo.

Haikuwa raha tupu. Mwaka 1996 alishinda mechi 2, akapoteza 18. Alistaafu mwaka 1999.

Mzazi, kabla ya kumwambia mwanao mwenye ulemavu kwamba hataweza, toka naye uwanjani mjaribu. Huenda njia yake isifanane na ya wenzake.