Mpakani, usiiache kompyuta ijichagulie mtandao

Namanga. Lori la vitunguu liko kwenye foleni na wakala wa forodha anasubiri ankara iliyomo kwenye kompyuta mpakato ya mwenye mzigo. Anawasha hotispoti ya simu ili aitume, lakini haiendi. Bando alilonunua asubuhi limekwisha, na hakuna alichopakua.

Katika hali kama hiyo lawama huiangukia laini ya simu, kumbe mara nyingine kompyuta ndiyo iliyokula bando kwa kupakua masasisho kimyakimya. Kwake, hotispoti huweza kuonekana kuwa Wi-Fi tu kama ile ya ofisini.

Kwa wanaotumia Linux, mfumo huria unaopatikana bure, dawa imo humo humo. Matoleo mengi, ikiwamo Ubuntu na Fedora, huja na NetworkManager, programu huria iliyoanzishwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2004. Ndiyo inayotafuta mitandao, kutunza nywila na kuamua kompyuta ijiunge wapi. Ukiiachia iamue peke yake, gharama ni zako.

Kwanza, iambie kuwa hotispoti inalipiwa. Kwenye Ubuntu na Fedora, fungua mipangilio ya Wi-Fi, bofya alama ya gurudumu kando ya jina la simu yako, kisha weka tiki panapoeleza kuwa mtandao huo una kikomo cha data. Kuanzia hapo, duka la programu halitapakua masasisho lenyewe ukiwa kwenye hotispoti. Hata hivyo, tiki hiyo haizuii kila kitu. Video utakayoifungua mwenyewe itakula bando kama kawaida, na zipo programu zisizoijali.

Pili, jihadhari na mitandao ya wazi ya migahawa na nyumba za wageni. NetworkManager huukumbuka mtandao kwa jina, na mtu yeyote anaweza kuanzisha wa kwake kwa jina lile lile. Kompyuta itajiunga bila kukuuliza. Kwa anayelipa wauzaji kupitia benki mtandaoni, hilo si jambo dogo. Ondoa tiki ya kujiunga yenyewe, au ufute mtandao huo ukishaondoka.

Tatu, panga upi utangulie. Fungua dirisha la amri, uandike:

nmcli connection modify "Simu" connection.autoconnect-priority 10

Badala ya Simu, weka jina la hotispoti yako. Kila mtandao huanza na 0, na wenye namba kubwa hutangulia.

Liko jambo moja ambalo kompyuta haitakusaidia: haijui simu yako imeshika mnara wa nchi gani, na mpakani mawimbi ya Kenya na Tanzania hupishana. Kabla ya kuwasha hotispoti, tazama jina la mtandao kwenye simu. Ukiona ni wa upande wa pili, uchague wako mwenyewe kwenye mipangilio, au zima huduma ya data nje ya nchi.

Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kiliweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili mzigo usisimame mara mbili. Nafuu hiyo hupotea ankara inapokwama kwenye kompyuta. Dakika tano za kupanga mitandao nyumbani, kabla lori halijang'oa nanga, zinatosha.