Depo ya Mahindi: Chagua Vizuri Mbele ya Mvua

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba,

Mavuno yakifika Lubumbashi, mwezi wa 4 na wa 5, bei ya mahindi inashuka. Wengi mnanunua mifuko mitano ao kumi, na kwa sababu nyumba ni ndogo mnakodi chumba cha depo huko Katuba ao Kampemba. Mnauliza bei, mnaangalia kufuli, mnalipa. Maji, hakuna anayeyauliza.

Depo nyingi zinakodiwa wakati wa baridi, na wakati huo kila chumba ni kikavu. Lakini tangu mwezi wa 11 mpaka wa 3 mvua inapiga karibu kila siku. Basi ingia ndani mchana, funga mlango, tazama juu: ukiona mwanga kwenye mabati, mvua itapita palepale. Tazama ukuta chini: alama ya maji ya mwaka jana haidanganyi, hata mwenye nyumba akipaka chokaa. Sakafu iwe ya simenti, juu kuliko kiwanja. Na bati lisilo na plafo linatoa jasho usiku, matone yanaanguka juu ya mifuko hata siku isiyo na mvua. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa nini nasema sana? Mahindi na kalanga vikilowa vinaota ukungu, na ukungu mwingine unatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii inaharibu maini. Ukiila kidogo kidogo miaka mingi, inaweza kuleta kansa ya maini, zaidi kwa mtu mwenye hepatiti B. Kupika bukari hakuiondoi. Mwaka 2004, katika inchi ya Kenya (si komine yetu ya Kenya!), watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, mengi yaliwekwa ndani ya nyumba yakiwa bado na maji.

Mbele ya kuweka, pima hivi: tia punje ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Neno moja kwa wale wanaokodi chumba kilichoshikamana na nyumba ya watu. Vidonge vya kuua wadudu wa mahindi vinatoa gazi vikikutana na unyevu wa hewa. Gazi hiyo inapita kwenye nyufa na plafo, inaua watoto wanaolala upande wa pili, na hatuna dawa ya kuipinga. Mwulize mwenye depo kama wapangaji wengine wanavitumia. Akisema ndiyo, na kuna watu wanaolala karibu, tafuta depo nyingine.

Na mifuko mitupu ya dawa za kiwanda isitiwe chakula, hata ukiifua mara tatu.