Mtoto Akipata Nafuu, Usifiche Vidonge

Jumamosi moja, baada ya mazungumzo ya kikundi cha akina mama kanisani, mama mmoja wa huku kwetu Karagwe alinifuata pembeni. Kwenye ncha ya kanga yake alikuwa amefunga vidonge sita vya dawa mseto ya malaria. Mtoto wake wa miaka mitano alikuwa amekunywa nusu tu ya dozi.

“Sista,” aliniambia, “homa ilishuka jana, mtoto anacheza. Hivi nimemtunzia mdogo wake. Akiugua usiku nisihangaike.”

Sikumkemea. Nami ni mama, najua jinsi zahanati ilivyo mbali wakati wa mvua. Lakini ilinibidi nimweleze jambo ambalo kila mama wa Karagwe na Kyerwa anapaswa kulijua.

Dawa tulizozipoteza

Wengi wetu tunaikumbuka klorokwini, uchungu wake na jinsi ilivyowasha mwili. Vimelea vya malaria viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Ikafuata SP, nayo ikashindwa baada ya miaka michache. Mwishoni mwa mwaka 2006 tukaingia kwenye dawa mseto, ALu, tunayoitumia hadi leo.

Inaitwa mseto kwa sababu ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili. Ya kwanza, artemeta, hutokana na artemisinini, dawa iliyopatikana katika mmea wa China wa jamii ya pakanga. Mama mmoja mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Dawa hii huua vimelea vingi kwa haraka, lakini baada ya saa chache huwa imekwisha mwilini. Ya pili, lumefantrini, hufanya kazi polepole na hukaa kwenye damu kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki.

Yaliyoonekana kwetu

Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba nchini Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, kuna vimelea vyenye badiliko la urithi liitwalo R561H. Vimelea hivyo havifi upesi vikikutana na artemisinini. Mwaka 2021 damu za wagonjwa zilipimwa katika mikoa mbalimbali ya Tanzania. Badiliko hilo lilionekana kwetu: Karagwe karibu sampuli 23 katika kila 100, na Kyerwa karibu 14.

Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao waliwafuatilia watoto 176 wenye malaria hapa Karagwe. Nusu yao walipewa ALu, na nusu dawa mseto nyingine. Walikunywa dozi kamili, na damu yao ikaangaliwa kwa hadubini. Siku ya tatu, watoto 28 bado walikuwa na vimelea kwenye damu.

Usiogope, mama. Karibu watoto wote walipona, kwa sababu dawa ya pili iliimaliza kazi. ALu bado inatibu. Lakini ona jambo hili: ikiwa mtoto aliyekunywa dozi yote anaweza kuwa na vimelea siku ya tatu, itakuwaje kwa yule aliyeachishwa dawa siku ya pili? Homa imeshuka na mtoto anacheza, kumbe vimelea vingine bado viko hai. Tena vinavyobaki ni vile vyenye nguvu, na mbu akimuuma mtoto huyo huweza kuvipeleka nyumba ya jirani.

Si kwamba mama mmoja ndiye aliyeleta usugu huu. Mabadiliko ya vimelea hutokea yenyewe. Ila dozi ya nusu huvipa nafasi ya kustawi.

Mama, fanya hivi

1. Mtoto akipata homa, mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake. Si kila homa ni malaria.

2. Mpe dawa mara sita kwa siku tatu. Ya pili mpe saa 8 baada ya ya kwanza, kisha siku ya pili na ya tatu asubuhi na jioni, mpaka kidonge cha mwisho.

3. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga au parachichi pamoja na ndizi zake. Bila mafuta, lumefantrini haiingii vizuri mwilini.

4. Akitapika kabla ya saa moja kupita, rudia dozi hiyo, kisha nenda zahanati uongezewe vidonge.

5. Usigawe dawa. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mtoto; vya kaka si vya mdogo wake.

6. Usitegemee chai ya majani ya pakanga. Kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani.

7. Homa ikiendelea au ikirudi, rudi zahanati. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea sana, usingoje kupambazuke.

Na kila usiku, watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa.

Yule mama nilimshauri amrudishe mtoto zahanati siku ile ile, na vidonge vyake mkononi, waamue wao namna ya kuendelea. Alinyamaza kidogo, akafungua fundo la kanga na kuvihesabu tena. “Kumbe nilikuwa namtunzia mdogo wake ugonjwa,” akasema. Kisha akaondoka kwa haraka kwenda kumchukua mtoto.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumekwisha kupoteza dawa mbili. Hii ya tatu tuilinde, kidonge kwa kidonge, jikoni kwetu.