Je, Wajua? Karatasi ya Ndani Haitoshi Kuitambua Kontrabasi ya Kijerumani

Kontrabasi ndiyo ala kubwa kuliko zote zinazopigwa kwa upinde katika okestra. Nyingi za Kijerumani zilitoka katika miji miwili midogo: Mittenwald, jimbo la Bavaria, na Markneukirchen, Saksonia, ambako mafundi fidla waliunda chama chao mwaka 1677. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mafundi wa Kijerumani waliofukuzwa Chekoslovakia walihamia Bubenreuth, wakaendeleza kazi hiyo.

Usiiamini upesi karatasi iliyobandikwa ndani. Fidla na jamaa zake nyingi zilipewa majina ya mafundi mashuhuri ambao hawakuzigusa kamwe. Karatasi halisi inayotaja Ujerumani Magharibi, hata hivyo, ni ya kabla ya Ujerumani kuungana tena mwaka 1990.

Chunguza ukingo wa matundu yenye umbo la herufi f. Ukiona matabaka yaliyogundishwa, hiyo ni plaiwudi: imara na nafuu. Nyuzi za mti zikipita mfululizo kutoka juu hadi chini, uso huo ni mbao nzima iliyochongwa, kwa kawaida ya sprusi, na aghalabu sauti yake ni pana zaidi.

Kabla ya kulipa, mwite fundi wa ala za nyuzi akague nyufa na shingo.