Kwa nini kiwanja cha ndege hakifichiki?

Hebu jiulize: una kitu chenye urefu wa kilomita tatu, kimenyooka kama rula, na hakina paa. Utakifichaje? Kukijengea paa huwezi, maana ndege zinatakiwa kutua juu yake. Kukizungushia miti huwezi, maana mabawa yatagonga. Hilo ndilo tatizo la kila jeshi lenye kiwanja cha siri, na ndiyo sababu mara nyingi marubani na watazamaji wa picha za satelaiti wanajua mambo ambayo serikali haitaki kuyataja.

Kisa maarufu kuliko vyote ni cha Groom Lake, ziwa lililokauka katika jangwa la Nevada, Marekani. Wengi tunalifahamu kwa jina la Area 51. Tukiweka kando zile hadithi za viumbe wa sayari nyingine, kinachobaki ni somo zuri sana la fizikia, na pia somo la haki.

Picha moja iliyozua mzozo

CIA ilichagua Groom Lake mwaka 1955 ili kuijaribu ndege ya ujasusi ya U-2. Sababu ilikuwa rahisi: sakafu ya ziwa kavu ni tambarare na ngumu, yaani kiwanja kilichotengenezwa na maumbile yenyewe, tena mbali na watu.

Miaka ikapita. Februari 1974 wanaanga watatu wakarudi duniani baada ya kukaa siku 84 ndani ya Skylab, kituo cha kwanza cha anga za juu cha Marekani. Wawili kati yao, Gerald Carr na William Pogue, walikuwa marubani wa kijeshi. Kati ya picha walizorudi nazo ilikuwemo ya Groom Lake. Barua ya ndani ya CIA ya Aprili 1974 ilieleza kwamba picha ilipigwa bila kukusudia, lakini pia kwamba walikuwa wameagizwa wasiipige sehemu hiyo, na kwamba hakukuwa na sehemu nyingine yoyote yenye agizo kama hilo.

Ofisi zikaanza kuvutana. Upande wa ujasusi na ulinzi ulitaka picha ifungiwe. NASA ilikuwa na utaratibu wa kutoa picha zake zote kwa umma. Mkurugenzi wa CIA mwenyewe, William Colby, alikuwa na mashaka: si Wasovieti wanayo tayari kutoka kwenye satelaiti zao? Sasa inafichwa nani?

Swali hilo lishike, tutalirudia.

Satelaiti inaona nini hasa?

Picha ya kidijitali imeundwa na vidoti vinavyoitwa pikseli. Swali la msingi ni hili: pikseli moja inafunika mita ngapi za ardhi?

Chukua satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo picha zake ni za bure kwa mtu yeyote. Pikseli yake ni mita 10. Njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,000 na upana wa mita 45 itachukua pikseli 300 kwa urefu na nne hadi tano kwa upana. Inaonekana bila shida. Lakini ndege ya kivita yenye urefu wa mita 15 ni pikseli moja na nusu tu, kwa hiyo huwezi kuitofautisha na lori au doa la mafuta.

Satelaiti za biashara kama WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, zina pikseli ya sentimita 31 hivi. Hapo ndege ile ile inakuwa na pikseli karibu 50, na unaweza kuhesabu mabawa na injini.

Kwa nini tusiendelee hadi kusoma namba ya gari? Kwa sababu mwanga ni wimbi, na ukipita kwenye tundu la darubini hutawanyika kidogo. Kadiri kioo cha darubini kinavyokuwa kidogo, ndivyo picha inavyofifia. Kwa kioo cha mita 1.1 kilichoko kilomita 617 juu, hesabu inatoa kikomo cha sentimita 30 hadi 40. Ukitaka zaidi ya hapo, tengeneza kioo kikubwa zaidi au shusha satelaiti karibu zaidi na Dunia. Njia zote mbili ni gharama.

Na si ndege pekee zinazosema. Vivuli navyo vinasema. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, urefu wa kivuli ni sawa na urefu wa jengo. Banda lenye kivuli cha mita 20 lina kimo cha mita 20. Ukikuta banda refu kuliko mengine yote, unajua kuna kitu kikubwa kinachoingizwa humo.

Si ajabu basi kwamba shabaha ya kwanza ya Kisovieti kupigwa picha na satelaiti ya ujasusi ya Marekani ilikuwa kiwanja cha ndege: Mys Shmidta, kaskazini-mashariki kabisa mwa Muungano wa Kisovieti, Agosti 1960. Filamu ilirudi ndani ya kibweta kilichoning'inia kwenye mwavuli, kikanaswa na ndege hewani juu ya Pasifiki!

Unaweza kuficha ndege, si kiwanja

Satelaiti hufuata njia inayohesabika. Ukijua ilipo leo, unajua itapita lini kesho. Kwa hiyo wafanyakazi wa Groom Lake walipewa ratiba ya satelaiti za Kisovieti, na muda ukikaribia ndege ya siri ya A-12 ilisukumwa bandani.

Lakini hata hivyo kuna ujanja wa maumbile. Ndege ikiegeshwa juani, ardhi iliyo chini ya kivuli chake hubaki baridi kuliko ya pembeni. Ukiiondoa, umbo la baridi linabaki kwa muda, na kamera inayopima joto inaweza kuliona. Wafanyakazi wa zamani wa pale wamesimulia kwamba Wasovieti walilipata umbo la A-12 kwa njia hiyo. Ndege haipo, lakini alama yake ipo.

Sasa inafichwa nani?

Turudi kwa Colby. Adui alikuwa anaona. Marubani wa kikosi cha anga waliokuwa wakifanya mazoezi katika kambi ya jirani ya Nellis nao walijua. Kwenye ramani zao kulikuwa na eneo la mstatili wasiloruhusiwa kuingia, wakaliita "Boksi". Ukimwekea rubani boksi lililokatazwa mbele ya macho yake, unategemea asijiulize kuna nini ndani?

Waliobaki gizani ni raia, na baadhi yao waliumia. Mwaka 1994 wafanyakazi wa zamani na wajane wa wengine waliishtaki serikali wakidai kwamba taka za sumu zilikuwa zikichomwa kwenye mashimo ya wazi pale, na moshi wake uliwadhuru. Serikali ilikataa hata kulitaja jina la mahali hapo. Septemba 1995 Rais Clinton alikiondoa kituo hicho chini ya masharti ya kutangaza taarifa za mazingira, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikakubali hoja ya siri za taifa. CIA ilikuja kulitaja waziwazi jina la Area 51 katika hati zilizotolewa mwaka 2013.

Mtu anaugua, na hawezi kuthibitisha mahakamani alikuwa anafanya kazi wapi, ilhali picha ya mahali hapo ipo.

Leo nguvu ya kutazama imesambaa. Mwaka 2021 picha za satelaiti za biashara zilionyesha njia ya kurukia ya kilomita 1.85 ikijengwa hatua kwa hatua kwenye kisiwa cha Mayun, katika mlango wa Bab el-Mandeb unaoingia Bahari ya Shamu. Habari ilipotangazwa Mei mwaka huo, hakuna nchi iliyokuwa imejitokeza kusema "ni yangu". Kumbuka, picha haikusema nani ni mwenyewe. Ilisema tu kwamba kiwanja kipo, lini kilianza, na kina urefu gani. Hayo mengine ni maswali ya kuulizwa watu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, fungua picha za bure za Sentinel-2, tafuta kiwanja cha ndege unachokijua, hesabu pikseli zake na uzidishe kwa kumi. Ukishaijua ile ya kwenu inavyoonekana ukiwa juu, utazitambua nyingine popote zilipo.